Maili Ishirini na Tano

Baraza la Kaunti ya Piedras lina wajumbe watano, na Oralia Quihuis alikuwa akisema kwamba akili zao wote watano ukizikusanya hazijazi kijiko cha chai. Hata hivyo, alasiri moja ya Julai alivaa gauni lake la kanisani, akabana nywele, akaenda kuwabembeleza. Aliyemtuma ni mtu mmoja anaitwa Haverly, mgeni kutoka mji mkubwa, shati limepigwa pasi mpaka mishono inameremeta, aliyetaka kibali cha kufungua duka la bangi ya wagonjwa kule Harlan, ng'ambo ya mlima. Haverly alimfuata mpaka nyumbani, akala tamale tano, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, akajipangusa mdomo, akasema, "Mama Oralia, mimi nikisimama mbele ya wale watu wataona mfanyabiashara tu. Wewe sura yako inaaminika."

Alionyeshwa kizimba pia. Nyuma ya nyumba, Ramiro mumewe alikuwa amejenga kizimba cha chuma, futi kumi kwenda juu, paa la wavu, lango la kufuli, kama sheria ya jimbo inavyomtaka mgonjwa anayejipandia dawa yake mwenyewe. Ndani ilisimama miche kumi na miwili, wala si kumi na mitatu. Ramiro alikuwa mchomeleaji kwenye mgodi wa shaba miaka ishirini na miwili, mpaka ngazi ilipokatika naye akaangukia mgongo. Kizimba kile alikichomelea akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkaguzi wa kaunti alimrudisha kukirekebisha mara tatu, mara wavu una matundu makubwa, mara bawaba ziko upande wa nje. Haverly alipitisha kidole kwenye maungio ya chuma, akasema, "Kazi safi hii, mzee." Siku ile mtu yule alikuwa anajua kila kitu, na bado tumbo lake lilikubali tamale tano.

Barazani kila msemaji hupewa dakika tatu. Mezani pana taa: ya kijani ukianza, ya manjano ukikaribia kumaliza, nyekundu ukitakiwa kunyamaza. Oralia alianza kulia kwenye kijani.

"Mume wangu hukakamaa misuli," aliwaambia. "Mguu unajipigapiga wenyewe, hawezi kushika hata kijiko. Vidonge vya hospitali vilimfanya akae kwenye kochi miaka miwili, mdomo wazi, jina la mjukuu wake halijui. Mafuta ya mmea huu ndiyo yaliyomrudisha. Lakini mavuno yetu ni ya Oktoba, na kila mwaka ikifika Juni chupa zimekwisha. Duka la karibu liko maili mia na kumi. Mimi nina miaka sitini na tatu na gari langu lina zaidi. Wapeni watu duka."

Taa ikawa nyekundu. Wajumbe wakapiga kura, watatu kwa wawili, duka likapita. Aliyeshangaza watu ni Orrin Leavell, mzee wa kofia nyeupe, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiita bangi majani ya shetani. Leavell alinyoosha mkono kukubali. Oralia alirudi nyumbani kichwa juu, akawatangazia majirani mtaa mzima kwamba machozi yake yamelainisha jiwe.

"Leavell?" Ramiro aliuliza. "Leavell hajapata kumpa mtu hata salamu ya bure."

"Una wivu wewe. Kwa sababu mimi nimefanya kwa dakika tatu kitu ambacho chama chenu cha wafanyakazi hakikufanya kwa miaka ishirini."

Mwenye raha haambiwi kitu.

*

Duka lilifunguliwa wiki ya kwanza ya Septemba. Oralia aliendesha gari kuuzunguka mlima, maili hamsini na saba za kona na mawe, maana mlima ule hauna njia ya katikati isipokuwa ya mbuzi. Alikuta maputo ya kijani mlangoni, bendi ya vijana wa shule inapuliza tarumbeta, na ndani, juu ya kaunta, picha yake mwenyewe. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Yuko mbele ya kipaza sauti, machozi shavuni, na chini pameandikwa: Mgonjwa Kwanza.

Kwanza alifurahi. Tumseme ukweli wake, alifurahi sana, akasogea akaona jinsi gauni lilivyomkaa. Kisha akaomba mafuta. Binti wa kaunta akamletea kichupa kadiri ya kile cha rangi ya kucha, dola sitini na tano. Ramiro angekimaliza kwa siku nne.

"Basi nipe kimoja tu," alisema Oralia. "Cha kutuvusha mpaka mavuno."

Haverly, aliyekuwa akipeana mikono na kila aingiaye, alisikia neno hilo akaja. Aliichukua kadi ya mgonjwa ya Ramiro, akaigeuza, akasoma tarehe.

"Inaisha tarehe thelathini mwezi huu," alisema. "Vizuri. Mkija kuihuisha hamtahangaika tena na kulima."

"Kuhangaika vipi?"

"Ruhusa ya kupanda nyumbani ni kwa anayeishi zaidi ya maili ishirini na tano kutoka dukani, mama. Ndiyo sheria ya jimbo. Zamani mlikuwa mbali. Sasa mko karibu. Hongera."

"Nimeendesha maili hamsini na saba leo."

"Za barabara. Jimbo hupima kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru." Akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Lakini usijali. Wewe hapa kwetu ni mtu wa pekee. Utakuwa unapata punguzo la asilimia tano."

Nyuma yake bendi ilianza wimbo mpya. Alilipa kichupa kwa noti alizokuwa amezikunja ndani ya pochi ya rozari, na binti wa kaunta akamwongezea kalamu ya bure yenye jina la duka.

*

"Kwa hiyo," alisema Ramiro, "uliwashika mkono ukawaleta mpaka kizimbani."

Walikuwa mezani, sufuria ya maharage katikati. Oralia hakuketi. Alikuwa anapangusa jiko ambalo lilikwisha kupanguswa.

"Ndiyo. Nimejipalia makaa. Sema yote uyamalize."

"Sisemi. Nilikula naye tamale mimi pia. Nikamwonyesha bawaba." Ramiro alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Akasema kazi safi."

Miche ilikuwa imevuka kimo cha mtu, vichwa vinaanza kunenepa. Ilibaki wiki sita kuiva. Kadi ingekufa baada ya wiki tatu na siku mbili. Kuanzia tarehe moja Oktoba, Ramiro Quihuis, aliyelipa ada ya kadi na kibali cha wavu, angekuwa mhalifu mwenye miche kumi na miwili ya bangi uani kwake, na kila mtu katika ofisi ya kaunti alikuwa na ramani ya kumfikia.

"Tununue dukani," Oralia alijaribu. "Tupunguze nyama, tuuze gari."

"Ukiuza gari utafikaje dukani?"

Aliona ujinga wake. Hela ya ulemavu ingekwisha tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, na hapo hawajala wala hawajalipa umeme. Mguu wa kulia wa Ramiro ulianza kuruka chini ya meza. Sahani ikagonga glasi, maharage yakamwagika mapajani. Oralia alimtilia matone chini ya ulimi, akamkandamiza goti kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria inayochemka, wakasubiri. Ilichukua dakika kumi na moja.

"Orita," alisema Ramiro mguu ulipotulia. Hilo ndilo jina alilomwita tangu uchumba. "Nifanye utakalo. Niuze, nipeleke kwa wajinga waliokuzaa kule kusini, sijali. Lakini nisirudi kwenye kochi lile."

*

Tilda Brace wa ofisi ya kaunti ni mama mwenye miwani ya mnyororo ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa kikiwa cha moto. Hakuwa mbaya. Alitandaza ramani, akachomeka pini Harlan, akachora duara kwa kamba na penseli, kama watoto wa shule wanavyofundishwa. Mstari ulipita bondeni juu kidogo ya nyumba ya Oralia.

"Ishirini na nne nukta sita," alisema. "Mko ndani."

"Nyumba yangu ina miaka thelathini na moja pale. Haijasogea. Tulikuwa nje mwaka jana."

"Duka ndilo lililokuja, mama."

"Katikati pana mlima. Nani kwenu hapa huruka?"

"Sheria haiendeshi gari," alisema Tilda, na akaona haya kidogo kwa kulisema. Kisha akagonga penseli juu ya mstari, upande wa nje. "Hapa juu, karibu nusu maili, pana makazi. Hawa wako salama. Ni akina nani?"

Oralia alipajua. Mtu yeyote wa bonde lile alipajua.

"Hakuna mtu pale," alijibu.

Alikwenda barazani tena, maana pumzi ya kujidanganya humalizika polepole. Alipewa taa ya kijani kama mwanzo. Mwenyekiti alimkatiza kabla ya ile ya manjano, akaeleza kwamba kaunti hupanga mahali pa maduka tu, mambo ya miche ni ya jimbo, na kwamba baraza linathamini sana moyo wake wa kujitolea. Haverly, safu ya mbele, alipiga makofi. Wengine wakamfuata, kwa hiyo Oralia alirudi kitini akishangiliwa.

Nje, kwenye maegesho, Leavell alikuwa anafungua gari lake. Oralia alimwendea.

"Bwana Leavell. Wewe ulinihurumia Julai. Nisemee."

Mzee alivua kofia, maana alilelewa vizuri. "Sikukuhurumia, bibi. Kulikuwa na nyumba thelathini na nane kaunti hii zinapanda yale majani uani. Nilihangaika miaka minne kuziondoa, sheria ikanizuia. Akaja yule kijana na duka lake. Duka moja lenye kufuli, kamera na kodi, thelathini na nane zinakufa zenyewe." Akarudisha kofia kichwani. "Nilidhani unajua. Ulizungumza vizuri sana."

Aliondoka bila haraka. Na Oralia, ambaye miezi miwili mizima alikuwa amewasimulia wenzake wa kwaya jinsi jiwe lilivyolainika, alisimama pale na pochi yake mpaka gari la mwisho likatoka.

*

Makazi yaliyo juu ya mstari ni trela mbili na zizi la farasi asiyekuwepo, na mwenyewe ni Beto Quihuis, mdogo wake Ramiro, tumbo moja ziwa moja. Mwaka wa mgomo mkubwa wa mgodini, wakati Ramiro na wenzake walipokaa getini miezi kumi na moja wakila mkate wa msaada, Beto alipita katikati yao ndani ya basi la kampuni lenye vioo vya wavu, akaenda kazini. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kwetu mtu husamehewa ulevi, husamehewa mke wa mtu, huweza hata kusamehewa kuua ikiwa aliyeuawa alikuwa msumbufu. Aliyepanda basi lile hasamehewi. Tangu siku hiyo Ramiro hakulitamka jina la mdogo wake. Akilazimika sana, husema "yule".

Oralia alipanda bonde kwa miguu. Beto alikuwa anatengeneza pampu ya maji. Alikuwa amenenepa, na mvi zimemkaa kama za mama yao.

"Shemeji," alisema Beto. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka trela ile ya pili. Kukaa. Mimi na kaka yako."

Akamweleza yote, duka, kunguru, kamba ya Tilda. Beto alisikiliza huku akipangusa spana. Simulizi ilipofika kwenye picha ya dukani alicheka mpaka akakohoa.

"Wamekutundika kama mtakatifu, wakakuchinja kama kuku."

"Cheka umalize. Halafu unijibu."

"Trela ni tupu. Choo kinavuja lakini kinafanya kazi. Sitaki kodi." Alitupa spana kwenye ndoo. "Nataka aje mwenyewe aniombe. Na aniite jina langu. Miaka kumi na tisa nimekuwa 'yule' mpaka wanangu walikuwa wanacheka shuleni. Jina langu analijua, tulipewa maji ya ubatizo kanisa moja."

"Ni mgonjwa, Beto."

"Ulimi wake si mgonjwa. Nausikia mpaka huku akimtukana mbwa."

Ramiro alipoambiwa alisema hapana. Alisema hapana Jumatatu, akasema Jumanne, na Jumatano akasema afadhali jela kuliko kula chumvi ya aliyepanda basi. Oralia hakubishana naye. Siku ya Alhamisi kichupa cha Harlan, walichokuwa wakikitumia kwa kubana, kilikwisha, akaacha kiwe kimekwisha. Akaleta mto wa zamani wa kochi kutoka stoo, ule wenye doa la mate pale kichwa kilipokuwa kikiegama, akaupiga vumbi, akauweka mahali pake. Halafu akaingia jikoni kumenya viazi.

Ramiro aliutazama mto ule muda mrefu. Mguu ulianza saa nne, ukaendelea mpaka saa sita kasoro.

"Lete gesi na bomba la moto la kukatia chuma," alisema mwishowe. "Na funguo za kizimba."

Majirani walioona moto wa gesi ukimulika uani siku ile walisema Quihuis amesalimu amri. Mmoja alikuja ukutani kumpa pole. Ramiro alikuwa anakikata kizimba kiungo kwa kiungo, miwani nyeusi usoni, na alikuwa anazipa namba nguzo zote kwa chaki.

*

Jumamosi Oralia alimsukuma kitini kupanda bonde. Ile ni nusu maili na ushei ya kokoto, na magurudumu yalikwama mara nyingi. Mara ya tatu Ramiro alishuka akajikokota kwa magongo, kwa kuwa hakutaka kufika akisukumwa kama mkokoteni wa viazi. Beto aliwaona wanakuja tangu chini. Hakwenda kuwasaidia. Alisimama mlangoni pa trela, mikono mfukoni.

Ramiro alifika, akahema. Alitazama kwanza zizi, kisha pampu, kisha viatu vya mdogo wake.

"Ninahitaji mahali," alisema.

"Mahali pa nani?"

"Pangu. Na mke wangu. Na miche kumi na miwili."

"Unamwomba nani?"

Oralia aliangalia pembeni. Aliona aibu ya mumewe kama vile ameingia bafuni bila kubisha hodi. Alitamani Haverly angekuwa pale na shati lake, na Leavell na kofia yake nyeupe, waone bei halisi ya dawa ilikuwa imeandikwa wapi.

"Nakuomba wewe," alisema Ramiro. "Beto."

Beto aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Choo kinavuja," alisema. "Tahadhari na ngazi ya pili." Akaenda kuleta lori.

*

Tilda Brace alikuja tarehe ishirini na tisa Septemba na kifaa chake cha kupimia kinachozungumza na satelaiti. Alikishika juu ya kichwa, akasubiri, akaandika: maili ishirini na tano nukta mbili. Alikikuta kizimba kimesimama upya nyuma ya trela, namba za chaki bado zinaonekana kwenye nguzo, na miche imewekwa ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu, majani yamenyong'onyea kwa safari lakini vichwa vizima. Miwili ilikuwa imekufa njiani. Akahesabu kumi, akaandika kumi.

"Lazima niulize," alisema. "Mnaishi hapa kweli? Anwani ya kadi lazima iwe mahali mtu anapolala."

Oralia alimfungulia mlango wa trela. Alimwonyesha kitanda kilichojaza chumba mpaka mlango haufunguki wote, sufuria ya maharage jikoni, meno ya bandia ya Ramiro kwenye glasi, ndoo chini ya bomba la choo. Picha ya harusi ilikuwa imeegemezwa dirishani kwa kuwa ukuta wa trela haukubali msumari. Tilda aliona yote, akatoka, akafuta miwani. Kutoka kwenye ngazi ile bonde zima lilionekana, barabara ya kokoto, na chini yake nyumba ya matofali yenye ukumbi mpana, mapazia yamefungwa, waridi za mbele zimeanza kukauka. Ilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kulitambua sanduku la barua.

"Na nyumba ile?" Tilda aliuliza, ingawa ramani aliichora yeye. "Nani anakaa?"

"Sheria," alisema Oralia. "Sisi tumeipisha."

Tilda hakuandika jibu hilo. Alitia sahihi, akachana nakala ya njano, akampa, akashika kahawa yake iliyokwisha kupoa. Oralia aliikunja karatasi akaitia kwenye pochi ya rozari, karibu na ile kalamu ya bure. Nyuma ya trela Ramiro alikuwa anajaribu lango la kizimba, analifunga, analifungua, bawaba zote upande wa ndani.

"Beto," aliita, kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake. "Lete hilo kufuli."